Mwisho Usio na Majuto

Filamu ya Rafiki niliiona mara ya kwanza hostelini, kwenye simu iliyopasuka kioo, tukiwa watu watatu kwenye kitanda cha mmoja na sauti imepunguzwa mpaka karibu tunasoma midomo. Mwenye simu aliipata kwa flashi ya mtu, ambaye naye aliipata kwa flashi ya mtu. Nilikuwa mwaka wa pili. Kuna mahali ambapo mamake Kena anampeleka kanisani, mchungaji na waumini wanamzunguka, mikono juu yake, mapepo yatoke. Mmoja wetu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimeketi mbele ya mshauri nasaha, mlango umefungwa, na ukiondoa kelele, mambo yalikuwa yale yale.

Nimeiangalia mara kadhaa tangu hapo, nyingi nikiwa nyumbani Kianjai. Nataka kuiandikia kama mhakiki, si kama mgonjwa. Sijui kama hao wawili watatengana. Tujaribu.

Stori ya filamu yenyewe wengi mnaijua. Wanuri Kahiu, 2018, filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa rasmi kuonyeshwa tamasha la Cannes. Kabla haijafika huko, Bodi ya Kuainisha Filamu, KFCB, ilishaipiga marufuku. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany akaisimamisha marufuku kwa siku saba, watu wakapiga foleni Nairobi, siku saba zikaisha, mlango ukafungwa tena. Lakini kitu ambacho mimi hukirudia kila nikiongea kuhusu Rafiki si marufuku. Ni sababu yake. Kahiu ameeleza kwamba bodi ilitaka mwisho ubadilishwe. Mapenzi ya wasichana wawili, sawa, labda yangevumilika, mradi mwishowe waonekane wanajuta. Mwisho wa Kahiu una tumaini, na hapo ndipo kosa lilipokuwa.

Fikiria hilo kidogo. Serikali haikusema usisimulie. Ilisema simulia, lakini ulie mwishoni.

Sasa nirudi kwa kile kiti. Nilienda kwa mshauri kwa sababu nilikuwa silali. Wiki tatu sikuingia darasani, chakula kilikuwa kinapita tu mdomoni kama karatasi. Sikuenda kuongea kuhusu mapenzi. Lakini aliniuliza kama ni kijana amenisumbua, na mimi, kwa uchovu, nikasema si kijana. Ni msichana, na hajanisumbua, amehama tu. Madam alifunga faili. Alikuwa mpole, hilo lazima niseme. Hakupandisha sauti hata mara moja. Alifungua Biblia, akasoma, akanipangia siku saba za kufunga, kisha akaniambia kwamba kwa faida yangu ataongea na mzazi. Usingizi wangu hakuuuliza tena. Nilikuwa nimeingia na tatizo moja, nikatoka na jingine, na lile la kwanza bado nilikuwa nalo mfukoni.

Yeye pia alitaka majuto. Hiyo ndiyo hoja yangu yote, na ningeweza kuishia hapa. Bodi ya filamu na yule mshauri walisoma hadithi kwa macho yaleyale: tunajua inavyopaswa kuisha, sasa tukupeleke huko. Ni usomaji mbaya wa filamu, na ni usomaji mbaya zaidi wa mtu.

(Sitaki kudanganya kwamba niliacha chuo kwa sababu yake. Karo ilikuwa imekwama, na kozi sikuipenda. Lakini ukiniuliza ni siku gani niliacha kujiona mwanafunzi, ninaikumbuka hiyo siku.)

Watu husema mshauri kama yule anafuata utamaduni wetu, na kwamba kinyume chake ni mambo ya wazungu. Haya, tuanze na taaluma, maana vyeti alivyotundika ukutani ni vya taaluma, si vya utamaduni. Chama cha wataalamu wa magonjwa ya akili cha Marekani kiliondoa mapenzi ya jinsia moja kwenye orodha ya magonjwa mwaka 1973. Shirika la Afya Duniani likafanya hivyo tarehe 17 Mei 1990, miaka mingi kabla mimi sijazaliwa. Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia tangu 2014. Kwa hivyo mtu anayekutibu ili uache kupenda anatibu ugonjwa ambao vitabu vyake mwenyewe vilishaufuta. Na hayuko peke yake. Mwaka 2021 waandishi wa openDemocracy waliingia kwa siri kwenye vituo vya afya Kenya, Uganda na Tanzania, wakakuta wahudumu wanaotoa ushauri wa kumwachisha mtu jinsi alivyo. Mwaka uliofuata shirika la Outright na wenzao wa hapa nyumbani wakatoa utafiti kuhusu vitendo hivyo Kenya, Nigeria na Afrika Kusini. Nilipousoma nilishangaa jinsi ulivyonifanya nijisikie wa kawaida. Kumbe nilikuwa takwimu.

Kisha kuna sheria, ambayo hukaa kwenye kile chumba hata kama hakuna anayeitaja. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, miaka 14. Kifungu cha 165, miaka mitano, kwa wanaume. Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta tarehe 24 Mei 2019. Na kwa muda mrefu kulikuwa na kifungu cha 226, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, mpaka Mahakama Kuu iliposema Januari 2025 kwamba kinakiuka Katiba. Weka hivyo viwili pamoja. Mtu amechoka na maisha, na amechoka kwa sababu ya anayempenda, halafu anaambiwa aongee wazi. Aongee wazi na nani? Kila sentensi ya ukweli ilikuwa ni kama kukiri kitu kituoni.

Ndiyo maana ukitazama kazi zetu za sanaa kuhusu mambo haya, mshauri hayumo. Nimemtafuta. Katika Rafiki kiti chake amekalia mchungaji. Katika I Am Samuel, filamu ya Peter Murimi ambayo nayo KFCB iliipiga marufuku, Septemba 2021, kiti amekalia baba, ambaye ni mhubiri huko magharibi mwa Kenya na anasubiri mwanawe aoe. Katika Stories of Our Lives ya The Nest Collective, ile iliyoongozwa na Jim Chuchu na ikakataliwa hapa 2014, kuna Itisha Poa, wasichana wa shule wanaotenganishwa na uongozi wa shule, na kiti wamekalia walimu. Hakuna hata mmoja anayekaa chini na kuuliza, unaendeleaje?

Isipokuwa labda kwenye Athman, ambayo kwangu ndiyo bora kati ya zile tano. Wanaume wawili, vibarua wa shamba, marafiki wa siku nyingi. Ray anampenda Athman. Athman hampendi Ray kwa namna hiyo. Na wanaongea. Hiyo tu. Hakuna kanisa, hakuna polisi, hakuna umati. Picha ni nyeusi na nyeupe, shamba limetulia, mtu anamwambia rafiki yake jambo zito na rafiki hakimbii. Mimi nimekulia kati ya mashamba, nimeona wanaume wakikaa jioni wanatafuna miraa na kuongea mpaka usiku wa manane kuhusu kila kitu isipokuwa kitu chenyewe, na ninakuambia ile filamu fupi inajua inachosema. Rafiki ni nzuri, rangi zake zinapendeza, lakini mapenzi yake ni ya mjini na wakati mwingine ni ya bango la matangazo. Athman ina vumbi.

Nilipata mshauri wa pili baada ya kurudi nyumbani. Huyu alikuwa Nairobi, kwa simu ya video, vikao sita vya bure kupitia shirika moja. Huyu hakutaka nijute. Alinikubali kabla sijamaliza salamu, na kikao cha kwanza nililia kwa shukrani, sioni aibu kusema. Tatizo lilianza kikao cha tatu. Maneno yake yote yalikuwa ya Kiingereza, na si Kiingereza tunachopigia stori, ni kile cha vitabuni. Nikisema moyo wangu umekuwa mzito, yeye alikuwa na jina lake. Nikisema mamangu ameacha kuniuliza nitaolewa lini, alisikia ukatili wa kimya. Mimi nilikuwa namwambia kitu tofauti kabisa: kwamba mamangu, ambaye anauza ndizi na maharagwe sokoni Kianjai na anajua kila nyumba kutoka hapa mpaka Miathene, alikuwa ameamua kunilinda kwa kutoniuliza. Aliniambia niweke mipaka. Aliniambia nimwambie mama ukweli, kwa sababu siri inaua.

Akanitumia ile insha ya Binyavanga Wainaina ya Januari 2014, ile anayomwambia mamake kwamba yeye ni shoga. Nilikuwa nimeisoma. Ni insha ninayoipenda sana, na ndiyo maana nilikasirika. Kwa sababu sina hakika kama huyo mshauri aliisoma mpaka mwisho. Binyavanga hamwambii mamake. Mamake alikufa mwaka 2000, na yeye hakuwepo. Anachoandika ni kile ambacho hakikutokea, safari ambayo hakuifanya, kitanda cha hospitali ambacho hakukifikia. Uzito wote wa ile insha uko kwenye kuchelewa. Na aliiandika akiwa na miaka 43, ana jina, ana tuzo ya Caine, ana marafiki duniani kote. Kumpa msichana wa miaka 22 aliyeacha chuo, anayelala kwenye nyumba ya mamake na kula chakula cha mamake, halafu umwambie fanya hivi, ni kutumia fasihi kama dawa ya dukani. (Binyavanga alifariki tarehe 21 Mei 2019, siku tatu kabla ya ule uamuzi wa Mahakama Kuu. Huwa nafikiria hizo siku tatu.)

Ukweli ni kwamba yeye pia alijua hadithi yangu inavyopaswa kuisha. Mwisho wake ulikuwa mzuri kuliko ule wa madam, una jua na watu wanapiga makofi, lakini ulikuwa umeshaandikwa.

Alipoona ninasita, alijaribu njia ya utamaduni. Akaniambia: lakini nyinyi Wameru mlikuwa na Mugawe! Makuhani waliovaa kike, waliooa wanaume! Nilicheka, nikaomba samahani, nikaenda kutafuta. Maana makao ya Njuri Ncheke yako Nchiru, hapo tu ukishuka kuelekea Meru mjini, na mimi sikuwahi kusikia mzee yeyote akitaja hilo.

Nilichopata ni hiki. Bernardo Bernardi, mmisionari wa Consolata kutoka Italia, alichapisha mwaka 1959 kitabu kuhusu Mugwe, kiongozi wa baraka wa Wameru. Mwaka 1960 Rodney Needham, wa Oxford, akaandika makala maarufu kuhusu mkono wa kushoto wa Mugwe, ule mkono wa baraka ambao haukuonyeshwa ovyo, akitegemea yaliyoandikwa na wengine. Na kupitia kitabu cha Murray na Roscoe cha 1998 kuhusu mapenzi ya jinsia moja Afrika, sentensi moja kuhusu mugawe, mavazi ya kike na ndoa na wanaume ikaanza kusafiri. Imesafiri kweli. Utaikuta kwenye mabango, kwenye warsha, kwenye vikao vya simu. Inasafiri peke yake, bila mkono wa kushoto, bila baraka, bila Wameru.

Sisemi ni uongo. Nasema sentensi moja imebebeshwa mzigo wa watu wazima. Wanaosema si utamaduni wetu hawaleti hata sentensi moja, hilo nalijua, na kitabu hichohicho kina makala ya Deborah Amory kuhusu pwani, ambako neno shoga, tusi nililotupiwa staji ya matatu hapa kwetu, wanawake hulitumia kuitana marafiki. Historia ipo. Lakini mshauri akinipa kuhani wa kale ili nijisikie halali, ninajiuliza: je, kesho mtafiti akigundua ile sentensi haina msingi, ugonjwa wangu unarudi? Kujua utamaduni wa mtu si kumtafutia babu aliyefanana naye. Ni kujua kwamba shamba la baba litagawanywa, na mtoto wa kike ambaye hajaolewa ana hesabu yake. Ni kujua kwaya ya kanisa ndiyo mahali pekee ninapopumua, hata baada ya yote, na usinishauri niiache. Ni kujua kwamba Kianjai mtu akikuona ukishuka kwenye matatu mara mbili karibu na mlango wa kliniki, mamako atakuwa na habari kabla hujafika nyumbani.

Hata lugha yenyewe tunahangaika nayo. Wanaofundisha washauri wanasema ushauri unaothibitisha. Kwa masikio yangu, kuthibitisha ni kazi ya chifu: unapeleka barua, anapiga muhuri. Sitaki muhuri. Kama ningeulizwa, ningesema ushauri unaoitikia. Mtu anasema hodi, wewe unasema karibu. Hujamwona bado, hujui amebeba nini, lakini umeitikia. Kisha unasubiri aseme mwenyewe kilichomleta.

Wa tatu nilimpata kwa bahati, Meru mjini, mama wa makamo aliyekuwa muuguzi kabla ya kusomea ushauri. Sikumchagua kwa sababu yoyote ila bei. Ana msalaba shingoni, na nilipouona nilikaribia kugeuka. Kitu cha kwanza aliniambia ni kile anachoweza kuweka siri na kile asichoweza, moja kwa moja, kama mtu anayesoma masharti ya mkopo. Cha pili aliniuliza kama ninalala. Nilitaka kumkumbatia. Ilichukua vikao vitatu kabla sijataja msichana yeyote, na nilipomtaja aliuliza, "Mlikuwa mnaongea nini mkiwa pamoja?" Hakuna mtu alikuwa ameniuliza hivyo. Kuhusu mamangu aliuliza ajua nini, ningetaka ajue nini, na akijua vibaya nitalala wapi usiku huo. Tukaandika majina ya watu wawili. Hatukuamua lolote.

Si malaika. Kuna siku aliniita "watu kama nyinyi", nikanyamaza kikao kizima. Wiki iliyofuata alianza yeye: "Nilisema kitu kibaya, mwari, niambie ni kipi." Sijui kama amehudhuria warsha yoyote. Sijui anaamini nini Jumapili. Ninachojua ni kwamba hakuwa na mwisho mfukoni.

Nikirudi kwa Rafiki sasa, ile sehemu ya mapepo hainisumbui kama zamani. Ninaona Nini Wacera, anayeigiza mamake Kena, na jinsi Kahiu hakumfanya shetani. Ni mama anayeogopa na amepewa chombo kimoja tu cha kutumia, maombi, na anakitumia kwa nguvu zote. Baba, Mwaura, mwenye duka na anayegombea kiti, ana chombo kingine: anakubali kupoteza uchaguzi kuliko kumtupa mwanawe. Wakosoaji wengi walimsifu baba. Mimi ningependa mtu amtengenezee filamu yule mama, asubuhi baada ya kanisa, akipika chai, bila kujua amfungulie mwanawe mlango au la.

Mwezi uliopita nilikuwa naiangalia tena kwa ajili ya makala hii, jikoni, simu nimeiegemeza kwenye debe la unga. Mamangu aliingia na kuni, akaketi kwenye kigoda nyuma yangu. Sikuizima. Nilihisi mgongo wangu wote umekuwa masikio. Aliangalia maombi, aliangalia umati ukiwapiga, hakusema kitu. Alipoona Kena ameshakuwa daktari akauliza, "Huyo ni yule yule?"

Nikamwambia ndiyo, ni yule yule.

"Kwa hivyo alimaliza shule."

"Alimaliza."

Akaguna, akachochea moto, kisha akaniuliza kama nimefungia kuku.